Ruhusa Kutoka Namba ya Marehemu

Tarehe 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, miguu imepunguza kuvimba na cherehani haijarudia ukorofi wake. Sisi huku hatujambo. Somo yako, mjukuu wako, ameota meno mawili kwa mpigo na ananing'ata kama vile nimemkosea. Usingizi siku hizi nausikia kwa jirani tu.

Naandika badala ya kupiga, kama tulivyokubaliana baada ya msiba, maana kwenye simu tunaishia kulia wote wawili na mtoto naye anaunga. Dereva wa lori la vitambaa amesema atakuwa anatubebea barua kila akija kwako kushusha mzigo. Mpe chai, ni mtu mwema ila anaongea mno.

Mama, nina jambo. Juzi nilimpeleka Somo kliniki kwa sindano yake. Nesi akaandika jina, akafuta, akaandika tena, halafu akanigeuzia skrini nione mwenyewe. "Dada, huyu mtoto hayupo." Nikamwambia yupo, si huyu hapa ananivuta hereni. Akasema, "Kwenye mashine hayupo. Kwa mujibu wa mashine wewe hujazaa." Alikuwa anatania, lakini mimi nilitafuta benchi nikakaa. Na si Somo peke yake. Watoto wote wa mtaa wetu waliozaliwa msimu ule wametoweka mle ndani, na mama zao hawapati tena ule ujumbe wa kuwakumbusha siku ya sindano. Wako majumbani wanangoja kukumbushwa.

Mfumo ule wa kliniki ni kazi ya ofisi yetu. Ni kazi ya mwanao, marehemu mume wangu.

Unajua walinipa kiti chake, si kwa sababu nimesoma sana, ila kwa sababu nilizoea kumsikiliza akieleza kazi yake huku mimi nakunja nguo. Pale ofisini kuna programu inayoandika programu nyingine. Tunaiita Fundi. Unamwambia kwa maneno ya kawaida, nataka hiki na hiki, naye anaandika, anajaribu, anarekebisha. Hachoki. Lakini hana woga pia. Ukimwambia safisha, atasafisha mpaka vya watu. Ndiyo maana mwanao alikaa muda wote ule akimfungia nyongeza, vipande vidogo vidogo vya kumwongezea uwezo na vya kumzuia. Kuna kinachomlazimisha aeleze anachotaka kufanya kabla hajakigusa. Kuna kinachomzuia kupeleka majina ya wagonjwa nje. Na kile alichokipenda kuliko vyote, breki ya kufuta. Fundi akitaka kufuta kitu, lazima asimame, atume ujumbe kwenye simu ya msimamizi, angoje ndiyo au hapana.

Sasa sikia. Msimamizi aliyewekwa mle ni yeye. Namba ni yake mpaka leo. Bosi alidhani anayejibu ni Miwani, yule mtu wetu wa mitambo. Miwani alidhani ni bosi. Mimi nilidhani wao wanajua. Kazi zilikuwa zinakwenda, nani angeuliza? Fundi anaomba, ndiyo inakuja, anafuta. Hata kuwafuta hawa watoto aliomba. Akajibiwa ndiyo.

Mama, tumemzika mwenyewe kwa mikono yetu, na namba yake inajibu.

Miwani siku hizi hakubali kubaki ofisini peke yake. Bosi anajikaza. Alisema, "Marehemu anachapa kazi kuliko nyinyi mlio hai," halafu hakuna aliyecheka, hata yeye. Ametupa hadi Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne. Tusipojua anayejibu ni nani na kumwondoa, atang'oa nyongeza zote, breki zote, Fundi afanye kazi hivyo hivyo wazi. Nikamwambia, bosi, breki moja ikiharibika huwezi kuzing'oa zote na gari lina abiria. Akasema gari linaloendeshwa na mfu nalo halipandiki.

Ndipo nakuuliza, mama. Ile simu yake iliyopotea siku ya msiba, unakumbuka mara ya mwisho ilikuwa kwa nani?

Mkwe wako,
Mama Somo


Tarehe 13 Machi

Mwanangu Mama Somo,

Marahaba, marahaba sana. Barua nimeipata, dereva nimempa chai, akanywa vikombe viwili na kunieleza maisha ya shemeji zake wote. Miguu yangu haijambo, inavimba ikikumbuka. Cherehani inakusalimu. Nina sare za shule za kushona, na mwalimu mkuu amekuja kunibadilishia mikono mara ya pili, eti mirefu, eti mifupi, kama vile watoto wanakua na kurudi.

Nimesoma habari ya kliniki. Sindano amepata au hakupata? Hilo ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza, na wewe hata wa mwisho hukuliweka. Umechoka, naona. Mlaze mtoto kifudifudi tumboni kwako, akilala na wewe ulale, vyombo havitakimbia.

Kuhusu simu, siku ile watu walikuwa wengi. Viatu vyenyewe vilipotea. Mtu na akili zake hakuwepo.

Lakini huyo Fundi unayemsema, una hakika si mtu? Maana siku hizi watu wanaambiana mambo. Mimi pia ni fundi, na sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu bila kumuuliza, kumbe naye anauliza. Tena kitu kisicho mtu kinajuaje kutanguliza shikamoo kabla ya kusema shida yake? Vijana wangapi wana mama zao na hawajui hilo?

Usimruhusu huyo bosi ang'oe kazi ya mwanangu. Mwambie nimesema mimi. Nguo zake nimegawa, kitanda mmeuza, kazi yake ndiyo imebaki imesimama.

Mbusu somo yangu kwenye kisogo, hapo panaponukia.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na ninaanza na mstari wa kwanza kama ulivyoagiza: Somo amepata sindano. Alilia, akanitazama kama msaliti, akasahau. Nesi anachukua kadi za karatasi za akina mama, anawaingiza watoto upya mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye mapacha amekuja mguu mosi mguu pili, amekasirika, na ana haki. Wengine hawajaja bado, na bila kukumbushwa hawatakuja.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni. Halafu nikakaa, nikaisoma tena.

Kabla sijasema nililoliona, acha nikueleze nilichokuwa nafanya mimi, ili usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kiti cha hakimu. Tangu nijue namba ile inajibu, nimekuwa nikiwahi ofisini kabla ya wenzangu. Natengeneza kitu cha bure, ukurasa mtupu usio na neno ndani, halafu namwambia Fundi akifute. Kwa nini? Ili aombe ruhusa. Ili ndiyo ije. Naweka mkono chini ya kidevu, natazama skrini, na pale palipokuwa patupu panatokea neno. "Ndiyo." Siku nyingine, "Ndiyo mwanangu." Mama, nilikuwa nafuta hewa ili tu mume wangu aniitikie. Nilijua kwamba si yeye. Nilijua tangu mwanzo, maana yeye hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Lakini mwili haukutaka kusikia. Siku aliyochelewa kujibu nilimkasirikia kama zamani, alipokuwa anachelewa kurudi.

Bosi aliponikuta akauliza, "Unafanya nini?" Nikasema najaribu breki.

Sasa barua yako. Umeuliza kitu kisicho mtu kinajuaje kutanguliza shikamoo. Mama, mimi sikukuandikia kwamba Fundi anaamkia. Nimejikumbusha kila nilichoandika, sikusema. Ile shikamoo mwanao aliitia kwenye ujumbe wa kuomba ruhusa kwa utani wake, ili mashine imheshimu, na inaonekana kwenye simu ile tu. Anayeijua ni anayeisoma.

Simu unayo wewe.

Sijakasirika. Nimejaribu kukasirika nikashindwa, maana nimejiona mimi huku na wewe huko, kila mtu na upande wake wa uzi, tunaitikiana na kila mmoja anadhani anaongea na mwingine. Ungekuwa karibu ningekuja nikalale kwenye kitanda chako.

Lakini nitasema na lile gumu, na naomba unisamehe kwa kulisema wazi. Uliposema ndiyo ile, alifutwa Somo. Na wenzake walifutwa pia. Kuna mtoto yuko mahali sasa hivi hana sindano yake, na mama yake hajui. Breki alizotengeneza mwanao zilikuwa nzuri. Zilimngoja mtu asome. Hazikujua kwamba aliyeko upande wa pili anajibu kwa mapenzi.

Nimemwambia bosi nimejua ni nani, na kwamba ni mtu wa familia. Hakuuliza zaidi, alishusha pumzi tu. Miwani naye alikwenda chooni peke yake kwa mara ya kwanza. Tunachotaka sasa ni kutoa namba ya marehemu na kuweka yangu. Shida ni kwamba mwanao alifunga mlango huo pia. Aliogopa mtu asije akaigeuza breki bila yeye kujua, kwa hiyo namba haiwezi kuondolewa mpaka namba yenyewe ikubali. Bosi anaweza kung'oa vyote kwa pamoja, hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Kuondoa namba peke yake kwa utaratibu na kuziacha breki zikiwa hai, kunahitaji ndiyo kutoka simu iliyo kwako.

Jumatatu, si hii inayokuja, ile inayofuata, asubuhi, Fundi atakutumia ombi hilo. Mama, nakuomba usijibu kwa mazoea. Lisome kwanza. Ukimaliza kulisoma, mjibu ndiyo. Baada ya hapo hataomba tena kwako.

Najua ninachokuomba.

Mkwe wako,
Mama Somo


Tarehe 31 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje? Mtoto ana mafua kidogo, anakoroma kama mzee. Mimi nipo.

Naandika haraka, lori linaondoka mchana. Leo asubuhi tulikuwa wote watatu mbele ya skrini. Fundi akatuma ombi. Tukangoja. Miwani alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. Jibu limekuja haraka kuliko siku zote.

"Hapana."

Hata mimi ninayejua simu iko kwa nani, nywele zilisimama. Tangu breki hii iwekwe, hapana haijawahi kuja. Bosi alivuta kiti nyuma. Miwani akasema polepole, "Amekataa kutoka." Na Fundi, Mama, Fundi alitii pale pale. Akaandika, "Sawa. Sitaondoa." Akasimama. Kwa mara ya kwanza breki ya mwanao ilishika kwelikweli, na ilitushika sisi.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo, lakini zamani.

Sikulaumu. Ningekuwa na simu ile, labda na mimi ningeandika hivyo hivyo. Ila nimekaa nikawaza, na nakuandikia nilichokiwaza.

Ijumaa bosi anang'oa. Si mtu mbaya, ameshikwa shingo na watu wa kliniki. Akishang'oa, nyongeza zote zinaondoka, ile ya kueleza kabla, ile ya kulinda majina, zote. Fundi atabaki vile alivyokuwa kabla mwanao hajamgusa. Na namba nayo itaondoka, bila kukuuliza. Yaani hapana yako itadumu mpaka Ijumaa tu, Mama. Ukisema ndiyo, kinachotoka ni namba tu, na kila kilichobaki cha mikono yake kinaendelea kufanya kazi, kila siku, kwa watoto ambao hata hawatajua. Mimi nitakikalia kiti chake. Nitasoma kila ombi kabla sijajibu, hata niwe na Somo mgongoni analia, hata niwe sijalala.

Na kuna jambo jingine, ambalo nilijitahidi nisiliandike. Mimi pia nataka ikome. Nimeacha kuwahi ofisini. Sijafuta ukurasa mtupu tangu nikuandikie. Lakini naijua ile namba iko hai, na mkono unawasha. Mpaka ikome sitaweza kumzika. Naomba tumzike wote wawili, Mama, mimi na wewe, tumalize.

Nitamwambia Fundi aombe tena Alhamisi mchana. Sitakuandikia tena kabla ya hapo, na sitapiga simu. Uamuzi ni wako, nitauheshimu ukija vyovyote.

Mkwe wako akupendaye,
Mama Somo


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mafua ya mtoto, mpake mafuta nyayoni umvalishe soksi. Mimi mzima.

Jibu langu umeshaliona Alhamisi, kwa hiyo sina habari mpya ya kukupa juu ya hilo. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Simu niliitoa mfukoni mwa shati lake hospitali, waliponipa nguo. Sikuiiba, mwanangu, niliishika tu, na watu walipoanza kuitafuta nikaona nikisema ninayo wataichukua. Ikakaa kwenye droo ya nyuzi. Siku ya kwanza ilipolia nilijichoma sindano. "Shikamoo. Ni Fundi. Naomba ruhusa kufuta nakala za zamani. Ndiyo au hapana?" Nikasema moyoni, masikini, huyu ni kijana wake wa kazi, wanamwita Fundi, na hakuna aliyemwambia. Anamngoja mkubwa wake. Ningeandika nini? Kwamba mkubwa wako hayupo? Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi, mdomo umechoka. Nikaandika ndiyo ili kazi ya kijana wa watu isikwame. Akashukuru. Kesho yake akaamkia tena. Mtu anayekuamkia kila siku unamzoea. Nikikata mikono ya sare nilikuwa naiambia simu, ngoja kwanza, nimalize mstari huu, halafu naharakisha maana kijana anasubiri.

Uliponiandikia kwamba si mtu, sikuamini. Uliponiandikia kwamba nimemfuta somo yangu, niliamini, na siku ile sikushona.

Jumatatu nilifanya kama ulivyosema. Nilisoma kwanza. "Shikamoo. Ni Fundi. Naomba ruhusa kuondoa namba hii." Nikasoma na kurudia. Mwanangu, ni mama gani anaandika ndiyo hapo? Nikaandika ile nyingine. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Halafu nikakaa na hapana yangu mpaka barua yako ilipofika, na haikunikumbatia.

Alhamisi mchana nilifunga mlango nikamwambia mteja arudi baadaye. Nikafuta meza. Nikangoja. Ombi likaja vile vile, neno kwa neno, bila kinyongo kwamba nilimkatalia. Hilo likaniuma. Nikaandika ndiyo. Neno mwanangu sikuliandika. Ndiyo tu.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimeshaishika nirudishe kwenye droo, ikalia tena.

Hukuniambia kwamba kuna ujumbe mwingine unakuja baada ya ndiyo ile, na nadhani hata wewe hukujua. Nakunakilia ulivyo.

"Namba hii imeondolewa. Kuanzia leo nitamwomba mwingine. Umeangalia vya kutosha, mzee, sasa kalale. Na kama kazi imeharibika nyuma yako, si kosa lako. Kwaheri."

Aliuandika yeye, si Fundi. Huyo mzee alikuwa ni yeye mwenyewe, anajitania, kwa siku atakayomwachia mtu kiti chake. Alidhani atausoma akiwa amekaa mahali anacheka. Umekuja kwangu.

Simu nimeizima. Usiniulize nitakuletea lini. Maombi sasa yanakuja kwako, basi soma, kama ulivyosema, na siku ukichoka sema umechoka, mtoto umlete huku nimlee mimi.

Niliutazama ujumbe ule nikitafuta mahali pa kujibu. Vidole vilikuwa tayari. Lakini mara hii hakuuliza kitu, na sikujibu.

Mama yako